Netflix 2011: dola 6 tu, mbona watu waliwaka vile?

Tarehe 12 Julai 2011 Netflix walitangaza bei mpya kwa wateja wao wa Marekani, na ndani ya masaa machache watu walishacharuka, wengine wanatangaza wanajitoa siku hiyo hiyo, wengine wanatukana tu ili roho itulie. Kifurushi cha dola 9.99 kwa mwezi, chenye DVD za kukodi kwa posta pamoja na kustrimu (kuangalia filamu moja kwa moja kwenye intaneti), kilikuwa kinageuka kuwa dola 15.98, yaani nyongeza ya dola 5.99, hela ambayo wengi wa wateja wale walikuwa wanaitumia kila siku kwenye vitu vingine bila hata kuifikiria. Mpaka Novemba mwaka huo hisa moja ya kampuni iliyokuwa inauzwa karibu dola 300 ilikuwa imeporomoka chini ya dola 70.

Wanaosimulia kisa hiki wengi wanamalizia hapo, kwamba walipandisha bei sana wakaadhibiwa. Mimi naona bei ni nusu ya kisa na wala sio ile nusu kubwa, kwa sababu miaka iliyofuata Netflix hao hao wamepandisha bei mara kibao mpaka imezidi ile ya 2011 na hakuna aliyewaka kiasi kile. Kwahiyo kuna kitu kingine pale, na ukikielewa hicho utaelewa karibu kila ugomvi wa wateja na kampuni zinazokata hela kila mwezi.

Kwanza, kwa waliokulia kwenye kustrimu, Netflix ya mwanzo haikuwa app. Reed Hastings na Marc Randolph waliianzisha California mwaka 1997, mwaka uliofuata wakaanza kukodisha DVD kwa njia ya posta, na 1999 wakaingiza mfumo wa kulipa kwa mwezi. Mteja anapanga orodha ya filamu anazozitaka mtandaoni, wao wanamtumia diski kwenye bahasha nyekundu mpaka kwenye boksi lake la barua, akimaliza anaitumbukiza kwenye bahasha ile ile anairudisha, gharama ya posta kwenda na kurudi ni ya kwao, na diski ikishafika wanatuma inayofuata kwenye orodha. Mtu akitaka kukaa nayo miezi miwili anakaa, hakuna faini. Na hiyo ya faini ndo ilikuwa silaha yao kubwa, maana maduka ya kukodisha kama Blockbuster yalikuwa yanavuna hela nzuri tu kwa watu waliochelewesha kurudisha na watu walikuwa wanazichukia hizo faini kupita maelezo. Netflix akajijengea jina la kampuni ambayo haikukamui kwa ujanja ujanja. Jina hilo limekuja kuwagharimu baadaye, kwa sababu anayejulikana kwa kutokukamua siku akikamua anaonekana msaliti, wakati yule ambaye kila mtu anajua ni mkamuaji anaonekana yuko kazini tu.

Januari 2007 wakaongeza kustrimu, bure, juu ya kifurushi cha DVD. Filamu zilikuwa chache na nyingi za zamani, kwahiyo watu waliichukulia kama bonasi, ukiwa huna diski mkononi unafungua unaangalia kilichopo. Hakuna aliyeambiwa kustrimu kuna thamani ya dola ngapi.

Halafu Novemba 2010 wakafanya kitu ambacho naamini ndo mzizi wa balaa lote. Walileta kifurushi cha kustrimu peke yake kwa dola 7.99, na kile cha kustrimu pamoja na DVD moja kwa wakati kikapanda kutoka 8.99 kwenda 9.99. Hebu angalia hizo namba mbili kwa pamoja. Kustrimu 7.99, kustrimu na DVD 9.99. Yeyote anayejua kutoa anaona DVD ni nyongeza ya dola 2. Netflix wenyewe ndo waliwafundisha wateja hivyo, kwa bei zao wenyewe, na miezi minane baadaye wakarudi kusema DVD ni 7.99 na kustrimu ni 7.99, ukitaka vyote lipa vyote. Tena kwenye tangazo lao walikiri kwamba kuifanya DVD nyongeza ya dola 2 haikuwa na mantiki ya kifedha, maneno ambayo mhasibu anayaelewa lakini mteja anasikia kitu kingine kabisa, anasikia nilichokuuzia kwa 2 mwaka jana leo ni 8.

Sasa tuwatendee haki, hesabu zao zilikuwa na shida ya kweli. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inamruhusu aliyenunua diski halali kuiuza, kuiazima au kuikodisha bila kumuomba ruhusa mwenye filamu. Ndo maana Netflix waliweza kuwa na karibu kila filamu iliyotoka kwenye DVD, wananunua nakala wanazikodisha mara nyingi wanavyoweza, na studio ikinuna inune. Kustrimu hakuko hivyo. Pale hakuna diski iliyonunuliwa, kuna leseni, na leseni ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukataa au akataja bei anayotaka au akakupa miaka michache akakunyang'anya. Mwaka 2008 Netflix waliingia mkataba na chaneli ya Starz uliowapa filamu za Disney na Sony, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa takribani dola milioni 30 kwa mwaka, enzi hizo kustrimu ilikuwa kitu kidogo ambacho hakuna mkubwa wa Hollywood aliyekiogopa. Ilipofika Agosti 2010 mkataba wao na Epix, chaneli nyingine yenye filamu za Paramount, Lionsgate na MGM, ulikuwa unatajwa kwa karibu dola bilioni 1 kwa miaka mitano. Umeona mruko huo. Biashara moja ina gharama za posta na maghala, nyingine ina gharama za leseni zinazopaa, na zote mbili zinalishwa na ile ile 9.99.

Kwahiyo sababu ilikuwepo. Tatizo mteja hakuiona, na hapa ndipo tunaingia kwenye akili za watu.

Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walitoa utafiti maarufu kuhusu watu wanavyoamua kama bei ni ya haki. Moja ya maswali yao ilikuwa hivi, duka linauza koleo la theluji kwa dola 15, usiku imeanguka theluji nyingi, asubuhi duka limepandisha mpaka 20, je ni haki? Asilimia 82 walisema sio haki. Kwa vitabu vya uchumi duka halijakosea kitu, uhitaji umepanda bei ikapanda. Ila watafiti hao hao waliona watu wanakubali kirahisi zaidi pale gharama za muuzaji mwenyewe zinapopanda. Ni kama kichwani kuna mkataba usioandikwa, mteja ana haki ya bei aliyoizoea na muuzaji ana haki ya faida aliyoizoea, kwahiyo ukipandisha ili usipate hasara watanung'unika watalipa, ukipandisha kwa sababu unaona hawana pa kwenda hiyo ni vita.

Sasa liangalie tangazo la Julai 2011 kwa jicho hilo. Halikusema leseni za filamu zimepanda na tusipopandisha hatutaweza kuwaletea filamu nzuri. Lilichosema ni kwamba tunatenganisha vifurushi, na kwamba DVD peke yake kwa 7.99 ndo bei ya chini kuliko zote walizowahi kutoa kwa DVD bila kikomo. Yaani mtu anayetumia vyote viwili, anayeona bili yake inaruka asilimia 60, anaambiwa hii ni habari njema. Kama kuna sentensi moja ya kumtoa mtu kwenye kunung'unika kumpeleka kwenye hasira basi ndo hiyo. Bei ikipanda unaweza ukasema maisha magumu kwa wote, lakini ukiona mtu anakuzungusha kwa maneno unaanza kujiuliza amekuona mjinga kiasi gani.

Halafu hiyo asilimia 60 yenyewe. Kwa aliyekuwa anachukua diski moja kwa wakati ilikuwa 9.99 kwenda 15.98. Kwa anayechukua mbili ilikuwa 14.99 kwenda 19.98, ni dola 4.99, kama asilimia 33. Umeiona? Aliyechagua kifurushi cha bei ya chini ndo alipigwa zaidi, kwa dola na kwa asilimia, na ukifikiri vizuri aliyechagua kifurushi cha chini mara nyingi ndo yule anayehesabu. Walimgusa mtu anayejua kupiga hesabu, wakamtegemea asipige. Na watu hawapimi ongezeko kwa dola tupu, wanapima kulinganisha na walichozoea kulipa, dola 6 juu ya bili ya 100 hazionekani ila juu ya 10 zinapiga kelele. Kahneman na Amos Tversky walishaonyesha tangu 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kile kile kunavyofurahisha, na hapa watu walihisi wamepoteza mara mbili, wamepoteza hela na wamepoteza ile bonasi ambayo kwa miaka minne hawakuwahi kujua ina bei.

Kuna na suala la nani anatakiwa afanye kazi. Wateja wapya walianza bei mpya pale pale, wa zamani walipewa mpaka Septemba 1, na asiyefanya chochote angebaki na vyote viwili kwa bei mpya. Kimya chako ni ndiyo. Kampuni za malipo ya mwezi zinaishi kwa kimya hicho, mamilioni ya watu ambao hawatumii sana lakini hawakumbuki kujitoa, hela inakatwa kwenye kadi tu kila mwezi. Kupandisha bei kwa kishindo ni kuwaamsha hao wote kwa siku moja ukawalazimisha wajiulize swali ambalo hukutaka kabisa wajiulize, hivi mimi hiki kitu nakitumia kweli?

Septemba 1 ikafika bei zikaanza kukata, na siku hiyo hiyo, bahati mbaya ya kutungwa haiwezi kuwa nzuri hivi, Starz wakatangaza wameachana na mazungumzo ya kuongeza mkataba na filamu zao zitaondoka mwisho wa Februari 2012. Yaani siku unayolipa zaidi ndo siku unaambiwa utapata pungufu. Wiki mbili baadaye kampuni ikapunguza makadirio yake ya wateja wa Marekani kutoka milioni 25 kwenda 24, hisa zikaanguka vibaya siku hiyo.

Tarehe 18 Septemba Hastings, bosi wa Netflix, akaandika barua ya kuomba radhi kwa wateja, akaanza kwa kusema ameharibu na kwamba ana deni la maelezo kwa kila mtu. Mpaka hapo sawa, na watu wengi wangeishia hapo wangemsamehe. Lakini barua ikaendelea. Bei hairudi, na zaidi ya hapo biashara ya DVD inatolewa kabisa inapewa jina jipya, Qwikster, na tovuti yake. Sasa fikiria wewe ndo mteja unayependa vyote viwili, yule yule aliyekwisha kasirishwa Julai. Utakuwa na tovuti mbili. Kwenye taarifa ya kadi yako ya benki mistari miwili ya makato, moja ya Qwikster na moja ya Netflix. Ukibadilisha kadi au barua pepe, nenda kabadilishe sehemu mbili. Filamu uliyoipa nyota kule Netflix haitaonekana Qwikster, wala ya Qwikster haitaonekana Netflix. Hayo sikuyatunga, yalikuwa kwenye barua yenyewe ya kuomba radhi, yameelezwa vizuri tu kana kwamba ni maelekezo ya kawaida.

Na hapa ndo ushahidi wangu mkubwa ulipo. Qwikster haikuongeza hata senti moja, jumla ilikuwa ile ile, 15.98. Bado watu waliwaka upya. Kama hasira ya Julai ingekuwa ya dola 6 peke yake, Septemba pasingekuwa na cha kuwakasirisha. Kilichowachefua ni kuona kampuni inapanga nyumba yake kwa faida yake, DVD huku kustrimu kule, ili ikimbilie siku za mbele bila mzigo, na mzigo wa upangaji huo anautua mteja, alipe zaidi, afungue akaunti mbili, ajue mwenyewe. Oktoba 10 Qwikster ikafutwa kabla hata haijaanza kazi. Bei zikabaki.

Sasa twende kwenye namba, kwa sababu kelele ni kitu kimoja na kadi za benki ni kitu kingine. Mwisho wa Juni 2011 Netflix walikuwa na wateja milioni 24.6 Marekani. Mwisho wa Septemba walikuwa milioni 23.8. Wamepotea laki nane. Ni watu wengi, na wawekezaji walipoona hiyo taarifa Oktoba 24 hisa zilipoteza kama theluthi ya thamani siku iliyofuata, lakini kwa asilimia ni kama tatu hivi. Kati ya kila wateja mia wamepungua watatu. Ukizingatia kelele zilizopigwa ungedhani nusu wamehama.

Ila ukiishia kwenye hiyo asilimia 3 utadhani wateja ni waoga, na hapo utakuwa umesoma vibaya. Kati ya hao milioni 23.8, waliokuwa na kustrimu walikuwa kama milioni 21.4 na wenye DVD kama 13.9, ukijumlisha ukatoa unapata karibu milioni 11.5 waliobaki wanalipia vyote viwili kwa bei mpya, wakiwemo wale ambao labda walikuwa bado wanafikiria. Miezi mitatu iliyofuata kampuni ilirudisha wateja kama laki sita kwa ujumla, taarifa ikasomeka vizuri, lakini ndani yake wenye DVD walishuka kwa zaidi ya milioni 2.7. Kwahiyo watu walijibu, ila hawakujibu kwa kugonga mlango na kuondoka, walichagua kimoja wakaacha kingine, na wengi walichoacha ni diski. Mteja aliyekasirika mara nyingi hahami, anapunguza. Anashusha kifurushi. Kelele inakuonyesha watu wanavyojisikia leo, kupunguza kunakuonyesha wamekuthamini kiasi gani, na hivyo vitu viwili havifanani hata kidogo.

Na kuhama kwenda wapi? Hili linasahaulika. Blockbuster alishafilisika Septemba 2010 akanunuliwa na Dish Network, kampuni ya TV ya satelaiti, mwaka uliofuata, alijaribu kuwadaka wakimbizi wa Netflix lakini hakuwa na nguvu tena. Amazon walikuwa ndo wameanza kuweka video kwa wanachama wa Prime, huduma yao ya kulipia, Februari 2011, bado changa. Redbox walikuwa na mashine zao kwenye maduka, DVD dola 1 kwa usiku. Na hawa Redbox wananifurahisha kwenye kisa hiki, maana katikati ya vurugu zote hizo na wao walipandisha, kuanzia Oktoba 31, kutoka dola 1 kwenda 1.20. Asilimia 20 sio ndogo. Lakini walitaja sababu, gharama za uendeshaji zikiwemo ada za kadi za benki zilizokuwa zimepanda kwenye malipo madogo madogo, wakasema kwa ufupi, na mtu hakatwi kitu akiwa amelala, anaikuta bei mpya amesimama mbele ya mashine, akitaka anachukua akitaka anaondoka. Watu walinung'unika, maisha yakaendelea. Koleo la theluji lile lile, ila upande wa pili, wa muuzaji anayepandisha kwa sababu gharama zake zimepanda.

Netflix somo walilipata, japo sio lile ambalo wateja wangependa walipate. Walipopandisha tena Mei 2014 ilikuwa dola 1 tu, kwa wateja wapya, waliokuwepo wakaachiwa bei ya zamani kwa miaka miwili. Ujanja mzuri, asiyeguswa hana cha kulalamikia na mpya hana cha kulinganisha. Ila deni hilo lilikuja kudai 2016, ile miaka miwili ilipoisha, watu wakaona kwenye habari bei inapanda wakati kwa kampuni hiyo ni habari ya zamani, na robo ile ya mwaka wakapata wateja wapya milioni 1.7 badala ya 2.5 waliyotarajia. Kampuni ilijitetea kwamba watu walidhani ni ongezeko jipya. Ni kweli walidhani, na walikuwa na haki ya kudhani, kwa mfuko wa mteja ongezeko ni jipya siku linapokukata. Mwaka 2019 walipandisha kifurushi cha kawaida kutoka 10.99 kwenda 12.99 na robo ya pili ya mwaka huo wakapoteza wateja 126,000 Marekani, mara ya kwanza kupungua huko tangu ile 2011.

Januari 2025 kifurushi hicho cha kawaida kikafika 17.99, na chenye matangazo kikawa 7.99. DVD zenyewe walifunga Septemba 29, 2023, wateja wa mwisho wakaambiwa wabaki na diski walizonazo. Yaani leo mtu analipa zaidi ya ile 15.98 na diski hazimo kabisa, na ghasia kama za 2011 hazijarudi. Bei ya kifurushi hicho imepanda kidogo kidogo, dola 1 mpaka 2 na nusu hivi kwa mara, na kila mara kuna ngazi ya chini ya kukudaka ukitaka kujitoa. Hiyo ngazi yenye matangazo imewekwa kwa ajili ya yule mteja anayepunguza badala ya kuhama, mwaka 2011 akipunguza walikuwa wanapoteza nusu ya hela yake, siku hizi akipunguza anaanza kuangalia matangazo na hela ya watangazaji inajaza pengo. Na wateja nao wamejifunza ya kwao, wanajiunga mwezi mmoja wanamaliza tamthilia waliyoifuata wanajitoa, wanarudi ikitoka nyingine, bila kelele wala barua, na kampuni za kustrimu zinahangaika na hao wa kuingia na kutoka kuliko zilivyowahi kuhangaika na wanaotukana.